Waraka wa Kuandikwa na Waraka wa Kusomwa

Askari polisi yeyote aliyepata kushika zamu ya mezani anajua kwamba kitabu cha matukio huandikwa kwa wino, wala si kwa penseli. Akikosea neno, hulikata kwa mstari mmoja, akaandika lililo sahihi, kisha akatia sahihi yake pembeni, ili atakayekuja baadaye, awe mkuu wa kituo au hakimu, aone neno la kwanza, neno la pili, na mkono uliobadili. Lakini askari huyo huyo akiambiwa atayarishe orodha ya zamu za juma lijalo, huchukua penseli na kifutio, maana ajua kwamba sajini ataigeuza mara mbili tatu kabla ya kuikubali: huyu ana ruhusa, yule ni mgonjwa, mwingine ameitwa mahakamani kutoa ushahidi. Hahitaji hotuba ya kumweleza lini ashike penseli na lini ashike wino. Kazi yenyewe humwambia.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta na kwa simu ya mkononi, na humo penseli na wino vimetiwa katika sanduku moja. Hati mbili huonekana sawa katika kioo, zina herufi zile zile na nembo ile ile juu, kumbe moja yaweza kubadilishwa na kila aishikaye, na ya pili imekusudiwa isomwe tu. Kwa hiyo watu hutuma yoyote iliyo karibu na kidole. Tumeona ni vema tulizungumze jambo hili katika ukurasa huu, kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni watu ambao, waraka wao ukienda vibaya, kinachopotea si faida ya duka bali ni roho ya mtu, au uhuru wake.

Aina ya kwanza ni zile hati ziandikikazo, kama za programu ya Microsoft Word, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1983. Hati ya namna hii haina kurasa zilizokamilika ndani yake. Ina maneno, na maagizo ya namna ya kuyapanga: hapa herufi nene, hapa jedwali, hapa aya mpya. Kompyuta inayoifungua ndiyo inayoyapanga upya maneno hayo, kwa kutumia herufi ilizo nazo yenyewe. Ikiwa haina aina ya herufi aliyoitumia mwandishi, huazima nyingine inayofanana nayo. Mistari ikarefuka au ikafupika, na jina lililokuwa mwisho wa ukurasa wa kwanza likaangukia ukurasa wa pili. Askari wa Uganda waliokwenda Somalia tangu mwezi wa Machi 2007, na ndugu zao wa Burundi waliofuata mwezi wa Desemba mwaka huo, waliingia katika kazi moja na watu wa nchi nyingine. Mahali kama hapo, ambapo kila nchi imekuja na mashine zake, jedwali lililonyooka juu ya meza moja laweza kufika limepinda juu ya meza ya pili, bila mtu yeyote kuligusa.

Aina ya pili ni PDF. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Adobe ya Marekani, aliandika pendekezo la kutafuta njia ya kuufanya ukurasa uonekane namna moja katika kila mashine. Kampuni yake ikaitoa PDF mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kipimo cha kimataifa ambacho si mali ya kampuni moja tena. PDF haiiambii kompyuta iyapange maneno. Huiambia kwamba herufi hii iwekwe hapa, ile pale, na mstari upite chini yake. Na aghalabu huchukua umbo la herufi zenyewe ndani yake, kama msafiri anayekwenda ugenini na godoro lake. Ndiyo maana hufika kama ilivyoondoka.

Wengi husikia maelezo hayo wakakata shauri papo hapo kwamba PDF ni salama na Word si salama. Hilo ni kosa, nalo limekwisha kuwagharimu watu wakubwa kuliko sisi.

Mwanzoni mwa Februari 2003, majuma machache kabla ya vita vya Iraki, ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza ilitoa waraka juu ya namna serikali ya Saddam Hussein ilivyokuwa ikificha silaha zake. Tarehe 5 Februari Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliusifu waraka huo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Siku hizo hizo mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge akagundua kwamba sehemu kubwa ilikuwa imenakiliwa kutoka katika makala ya mtafiti mwingine, hata na makosa yake ya vituo. Hiyo peke yake ilikuwa aibu ya kutosha. Lakini waraka ulikuwa umewekwa hadharani katika umbo la Word, na programu hiyo, kwa matoleo ya siku zile, ilitunza ndani ya faili kumbukumbu ya mara kumi za mwisho ambazo faili lilihifadhiwa, pamoja na jina la aliyelihifadhi na mahali alipoliweka. Mtaalamu mmoja wa kompyuta akaifungua kumbukumbu hiyo, na dunia ikasoma majina ya watumishi wanne wa serikali, ikaona hata kwamba wakati mmoja faili lilitiwa katika diski ndogo ya kubebea mkononi. Mwezi wa Juni mwaka huo kamati ya Bunge ikamkalisha mkuu wa habari wa Waziri Mkuu, ikamwuliza watu hao wanne ni nani na kila mmoja alifanya nini.

Waraka ule haukuwa ukingoja mtu aandike neno ndani yake. Ulikuwa wa kusomwa, nao wakautoa kwa penseli, pamoja na vumbi lote la kifutio.

Jambo la pili ni zito zaidi kwa askari. Usiku wa tarehe 4 Machi 2005 Nicola Calipari, ofisa wa idara ya upelelezi ya Italia, alikuwa ndani ya gari akielekea uwanja wa ndege wa Baghdad pamoja na mwandishi wa habari Giuliana Sgrena, ambaye alikuwa ametoka kumkomboa mikononi mwa watekaji. Askari wa Marekani waliokuwa wameweka kizuizi barabarani wakalipiga gari risasi. Calipari akafa, Sgrena akajeruhiwa. Mwishoni mwa Aprili jeshi la Marekani likatoa taarifa ya uchunguzi wake. Sehemu nyingi zilikuwa zimefunikwa kwa weusi, na waraka ulitolewa kwa PDF. Kwa macho, kila kitu kilikuwa sawa. Wasomaji nchini Italia wakafanya jambo ambalo mtoto wa shule aweza kulifanya. Waliyachagua maneno yote ya ukurasa, wakayanakili, wakayabandika katika ukurasa mtupu. Weusi ukabaki nyuma, na maneno yakaja yote: majina ya askari waliokuwa kizuizini, taratibu za kuweka vizuizi, na habari za mashambulio katika barabara ile.

Sababu yake ni ile ile tuliyoieleza juu. PDF ni maagizo. Agizo la kwanza lilisema herufi hizi ziwekwe hapa, na agizo la pili likasema sanduku jeusi lichorwe juu yake. La pili halikulifuta la kwanza. Lilikaa juu yake tu, kama jani juu ya mwiba. Aliyetayarisha taarifa ile aliuona ukurasa kama karatasi, akafanya ambalo lingefaa kwa karatasi. Nasi hatumcheki. Lakini askari anayesimama kizuizini usiku hana nafasi ya kulikagua faili linalotayarishwa na karani aliye mbali naye, na adui akilijua jina lake na desturi ya kizuizi chake, ni yeye atakayelipa, si karani.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, likatoa mwongozo juu ya kazi hii. Kiini chake ni chepesi. Siri huondolewa katika hati iliyo bado ya kuandikika, kwa kufuta maneno yenyewe na kutia mengine yasiyo na maana mahali pake. Kisha yaliyobaki huhamishiwa katika faili jipya lisilo na kumbukumbu ya lile la zamani. Ndipo likafanywa PDF. Mfuatano huo una maana yake. Anayetangulia kutengeneza PDF, kisha akapaka weusi juu, amefunga mlango na mwizi yumo ndani. Ziko leo programu zilizotengenezwa mahsusi kwa kufuta maneno ndani ya PDF, na zinafanya kazi kweli kweli. Lakini hazifanani na kalamu ya kuchorea sanduku, na anayezitumia na ajaribu mwenyewe kunakili na kubandika kabla ya kutuma. Hata njia ya wazee, ya kuchapa karatasi, kuipaka wino mzito, kuitolea kopi na kuipiga picha kopi hiyo, haijapoteza nguvu zake, mradi karatasi ikiinuliwa mbele ya taa isionyeshe kitu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kumbukumbu iliyojificha ndani ya faili ni adui wa polisi siku zote. Katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, mtu mmoja aliua watu 10 kati ya mwaka 1974 na 1991, akawa akiwaandikia polisi barua za majivuno kwa jina la BTK. Alinyamaza miaka mingi, na mwaka 2004 akaanza tena kuandika. Kisha akawauliza polisi, naye akitaka wamjibu kwa ukweli, kama akiwapelekea diski ya kompyuta wangeweza kumtambua. Wakamjibu kwa tangazo dogo la gazeti kwamba hakuna neno. Mwezi wa Februari 2005 diski ikafika katika kituo kimoja cha televisheni cha mji huo. Wachunguzi wakakuta ndani yake hati ya Word iliyokwisha kufutwa, lakini bado ilikuwa na jina la kanisa moja, na jina Dennis kuwa ndiye aliyeishika mwisho. Dennis Rader alikuwa mwenyekiti wa baraza la kanisa hilo. Vinasaba vya binti yake vilipolinganishwa na vilivyookotwa mahali pa mauaji, shaka ikaisha; alikamatwa tarehe 25 Februari, na mwezi wa Agosti akahukumiwa vifungo 10 vya maisha, kimoja kufuata kingine.

Mpelelezi yeyote wa kituo kidogo aweza kujifunza kitu hapo. Faili litokalo kwa mtuhumiwa au kwa mlalamikaji litunzwe katika umbo lile lile lililoingia nalo. Wako wanaolifungua, wakalihifadhi upya kwa jina zuri zaidi, au wakaligeuza PDF ili lichapike vizuri kwa jalada la kesi, kisha wakalitupa lile la kwanza. Kwa kufanya hivyo wamefuta nyayo kwa mikono yao, na wakili wa utetezi hatachelewa kuliuliza jambo hilo. Kopi ya kusomea ni halali kuitengeneza. Ya asili ibaki haijaguswa.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana PDF nayo hutumwa mahali isipotakiwa, na hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Afande mmoja mstaafu alituletea makala kwa ajili ya ukurasa huu, akaituma kwa PDF, nadhifu, kila aya mahali pake. Kumbe ilikuwa picha ya karatasi iliyochapwa, haina hata neno moja liwezalo kunakiliwa. Tukakaa tukaichapa upya, na katika kuichapa, mwaka 1986 ukawa 1968. Gazeti likatoka hivyo. Afande akapiga simu, akasema nasi kwa sauti ya chini. Na walioishi kambini wanajua kwamba sauti ya chini ya afande mzee ni mbaya kuliko ile ya juu.

Makosa ya namna hiyo hutokea kila siku katika maofisi ambayo hayana gazeti la kuyatangaza. Ofisa wa bohari akituma hesabu ya unga, maharagwe na mafuta ya taa kwa PDF, makao makuu hayawezi kuzijumlisha kwa mashine jinsi zilivyo. Lazima karani azichape tena, na kila tarakimu anayoichapa ni nafasi mpya ya kukosea. Magunia 15 huwa 50, na kikosi kingine kikalala njaa kwa sababu ya karatasi. Hesabu ziende kama jedwali la kompyuta, ili ziweze kuhesabiwa. Kadhalika rasimu ya amri inayongoja maoni ya maofisa watatu: ikitumwa kwa PDF, kila mmoja ataandika maoni yake katika barua nyingine, au ataipiga picha na kuchora mishale, na mwenye kuitengeneza atakaa usiku kucha akiunganisha mishale. Rasimu ni kazi ya penseli. Ipelekwe ikiwa yaandikika, chombo cha kuonyesha mabadiliko kikiwa kimewashwa, ili lionekane nani aliongeza nini. Na ikikubaliwa, mabadiliko yote yapokewe au yakataliwe, maoni ya pembeni yafutwe, ndipo itolewe PDF ya kusomwa na kikosi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si hati ipi ni bora, ila anayeipokea atafanya nini nayo. Inafaa kujua kwamba serikali ile ile ya Uingereza iliyoaibika mwaka 2003 ilifikia uamuzi wa namna hii mwezi wa Julai 2014. Ilitangaza kwamba hati zinazoandikwa na watu wengi pamoja zitumie aina iliyo wazi iitwayo ODF, ambayo haimlazimishi mtu kununua programu ya kampuni fulani, na hati za kutazamwa tu zitolewe kama kurasa za intaneti au PDF. Miaka 11 ilipita kati ya aibu na kanuni, nasi hatusemi kwamba moja ilizaa nyingine, lakini msomaji ataona kwamba zinatazamana.

Limebaki jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha: PDF si muhuri. Maelezo ya shahidi yakishasomwa mbele yake na kutiwa sahihi, ni haki yatumwe kwa PDF, maana hayatakiwi kuandikwa tena. Lakini programu za kubadilisha PDF zipo, nyingine ni za bure, na mtu mwenye nia mbaya aweza kuondoa neno "si" katika maelezo ya shahidi pasipo kuacha alama inayoonekana kwa macho. Neno la kufungulia, ambalo wengi huliweka wakidhani wamekwisha, humzuia mgeni kusoma. Halithibitishi kwamba aliyekuwa nalo hakubadili kitu. Kinachothibitisha ni sahihi ya kidijitali. Kompyuta hulipitisha faili zima katika hesabu ndefu na kupata tarakimu moja ya mwisho; tarakimu hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mwenye kutia sahihi; na anayepokea hurudia hesabu ile. Ikiwa hata nukta moja imebadilika, tarakimu hazilingani. Nayo si kinga ya kulalia usingizi: mwaka 2019 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Ruhr, mjini Bochum, Ujerumani, walizijaribu programu 22 za kusomea PDF katika kompyuta za mezani, wakaweza kuzidanganya 21 zikaonyesha sahihi kuwa halali katika hati iliyobadilishwa. Watengenezaji waliarifiwa ili wazirekebishe, jambo ambalo ni sababu njema ya kutoziacha programu za ofisi zikazeeka. Na pale ambapo sahihi ya namna hiyo haipo, karatasi yenye wino wa kalamu ibaki kabatini, na ile iliyotumwa ihesabiwe kuwa kopi tu.

Kwa majalada yatakayokaa muda mrefu, kama ya kesi za mauaji au ya ardhi, iko namna maalumu ya PDF iliyowekwa mwaka 2005, iitwayo PDF/A. Hiyo inalazimishwa kubeba herufi zake zote ndani, wala hairuhusiwi kufungwa kwa neno la siri au kutegemea kitu kilicho nje yake, kwa sababu ofisa atakayeifungua baada ya miaka 20 huenda asimpate tena aliyelijua neno hilo. Programu nyingi za kuandikia zinaweza kuitengeneza. Ni alama moja tu ya kuweka wakati wa kuhifadhi.

Barua na makala za ukurasa huu tunaomba zitumwe katika hati ya kuandikika, jina na kikosi cha mwandishi vikiwa juu, na picha zitumwe mbali, zisibandikwe katikati ya maneno. Yule afande amekwisha kutuletea makala ya pili, safari hii kwa Word. Jedwali lake la tarehe lilifika limepinda kidogo. Tumelinyoosha, tukampigia simu, tukamsomea kila mwaka mmoja mmoja kabla ya kuchapa.